Daftari na Sonasi: Gharama za Uhasibu na Bima kwa Mkandarasi wa Kujitegemea wa Butembo na Beni

Mkandarasi wa kujitegemea huuza kazi iliyokamilika. Hauzi siku zake. Sheria ya kazi ya Kongo ya Oktoba 2002 humtambua mwajiriwa kwa kuwa chini ya amri ya mwajiri. Asiye chini ya amri hiyo ni mtu wa mkataba: masoni anayepatana bei ya jumla ya nyumba nzima, mwenye lori anayeshusha viazi na kabichi kutoka Masereka hadi Butembo, fundi umeme, mpima viwanja, mchapaji, mtaalamu anayeandika ripoti kwa ONG za Beni. Kwa kuwa hana mwajiri wa kumbebea mzigo, gharama mbili ambazo mwenye mshahara hazioni humwangukia yeye: gharama ya kuweka hesabu na gharama ya bima.

Gharama hizo mbili hutajwa kwa pumzi moja, kana kwamba ni bei za bidhaa moja katika maduka mawili. Malipo ya kila mwezi ya mhasibu, au kontabule kama anavyoitwa mjini, hulinganishwa na malipo ya bima yanayotolewa mara moja kwa mwaka, na anayeona namba kubwa zaidi huiacha hiyo. Ulinganisho wa namna hiyo hauwezi kutoa jibu sahihi, kwa sababu gharama hizo hupanda kwa sababu tofauti, na faida ya moja hutegemea kuwapo kwa nyingine.

Mkanganyiko ulikotoka

Kwa bima, chanzo kiko wazi. Tangu 1966, Sonas, kampuni ya Leta, ilikuwa bima pekee nchini. Ukiritimba huo ulivunjwa na sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015, iliyoleta kanuni mpya ya bima; mamlaka ya usimamizi, ARCA, ikaundwa baadaye, na kampuni binafsi za kwanza zikapata vibali mwaka 2019. Katika karibu nusu karne ya duka moja, jina la duka liligeuka jina la bidhaa. Watu wengi hawasemi bima wala asiransi; husema sonasi. Nao walikutana nayo hasa barabarani, polisi alipodai karatasi za gari au pikipiki. Bima iliyonunuliwa ili kupita kizuizi huhesabiwa pamoja na patente, ushuru wa meri na madai ya DGI, ofisi kuu ya kodi ya Leta, na ya ofisi ya mapato ya jimbo: ni kodi nyingine. Mtu hafikirii kudai fidia kutoka kwa kodi, na asiyedai hana haja ya kusoma mkataba.

Kwa uhasibu, mabadiliko yalitoka nje ya nchi. Kongo iliingia OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, tarehe 12 Septemba 2012, na hivyo sheria ya hesabu ya mwaka 1976 ikaachia nafasi utaratibu wa hesabu wa jumuiya hiyo, SYSCOHADA. Toleo lake jipya lilipitishwa Januari 2017 na kuanza kutumika Januari 2018. Sheria ya Februari 2015 ilikuwa tayari imeunda chama cha kitaifa cha wahasibu wataalamu, ONEC. Kwa hiyo aliyesoma hesabu chuoni kabla ya miaka hiyo alijifunza mpango wa akaunti ambao leo hautumiki, na bado wapo wanaouza huduma kwa mpango huo wa zamani.

Wateja nao walibadilika. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 ulileta Beni na Butembo mashirika mengi ambayo hayanunui kitu bila fakture, namba ya kodi na usajili katika rejista ya biashara, RCCM. Kabla ya hapo, sheria ya Februari 2017 kuhusu kazi za mkataba mdogo ilikuwa imezihifadhi kazi hizo kwa kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongo, na kuweka mpaka wa asilimia 40 ya thamani ya mkataba mkuu. Mjenzi anayetaka kipande cha kazi chini ya kampuni kubwa, kwa mfano katika mradi wa barabara za Kasindi–Beni, kilomita 80, na Beni–Butembo, kilomita 54, uliokabidhiwa kampuni ya Dott Services, hulazimika kuwa na makaratasi ambayo baba yake hakuwahi kuyahitaji.

Uhasibu: bei hufuata karatasi

Kazi ya mhasibu hupimwa kwa wingi wa risiti. Mtaalamu anayepokea malipo manne makubwa kwa mwaka kutoka ONG mbili ana hesabu za kurasa chache hata kama amepata dola elfu thelathini. Mwenye duka dogo la vipuri anayepata theluthi ya fedha hiyo anaweza kuwa na risiti mia kwa wiki. Ndiyo maana kuuliza mhasibu ni bei gani, bila kusema karatasi ni ngapi, hakumsaidii muulizaji.

Sheria yenyewe inatambua ngazi. Ya chini kabisa ni ya yule ambaye sheria ya OHADA ya Desemba 2010 inamwita mjasiriamali mdogo wa kujitangaza, ambaye hahitaji kuandikishwa katika RCCM. Wajibu wake wa hesabu ni daftari moja: kila siku aandike, kwa mpangilio wa tarehe, fedha iliyoingia na ilikotoka, akitenganisha taslimu na malipo ya njia nyingine, kisha fedha iliyotoka na ilikokwenda. Daftari hilo hutunzwa angalau miaka 5. Gharama yake ni bei ya daftari, kalamu na nidhamu ya nusu saa jioni. Nidhamu hiyo ndiyo ghali, na hakuna anayeiuza.

Ngazi ya pili ni utaratibu mwepesi wa hazina, unaoruhusiwa kwa biashara ndogo: mauzo yasiyozidi franka za CFA milioni 60 kwa wachuuzi, milioni 40 kwa mafundi wa ufundi wa mikono, na milioni 30 kwa watoa huduma. Hapa kontabule wa muda, mara nyingi mhitimu wa chuo cha biashara au mwalimu anayefanya kazi hiyo jioni, anatosha: huja mwisho wa mwezi, hupanga risiti, na mwisho wa mwaka hutoa mizania fupi. Ngazi ya tatu ni hesabu kamili, ambako kampuni huhitaji ofisi ya uhasibu yenye uwezo wa kusimama mbele ya wakaguzi wa DGI.

Ugumu uko kati ya ngazi ya pili na ya tatu, na sababu yake haijadiliwi vya kutosha. OHADA huhesabu kwa franka ya CFA, iliyofungwa kwa yuro. Milioni 30 ni takriban yuro 45,700. DGI huhesabu kwa franka ya Kongo. Amri ya Februari 2013 iliweka mpaka wa biashara ndogo kwenye mauzo ya franka milioni 80, na ndani yake biashara ndogo sana kwenye milioni 10. Aliye chini ya milioni 10 alipangiwa kodi ya mkupuo ya franka 50,000 kwa mwaka. Aliye kati ya milioni 10 na 80 alipangiwa asilimia 1 ya mauzo kwa bidhaa na asilimia 2 kwa huduma. Mwaka 2013 dola ilikuwa takriban franka 920, hivyo milioni 80 zilikuwa kama dola 87,000. Sheria mpya ya hesabu ilipoanza mwaka 2018, mipaka miwili ilikuwa karibu sawa, kila mmoja kando kando ya dola 50,000. Mwaka 2024, dola ilipokuwa kwenye franka 2,800 hivi, milioni 80 zilikuwa zimebaki dola 28,600, na milioni 10 dola 3,600.

Matokeo yake ni kwamba fundi anayelipwa kwa dola, na kazi nyingi za Butembo hupatanwa kwa dola, alisogezwa juu bila kufanya kazi hata moja ya ziada. Mwenye mauzo ya dola 35,000 mwaka huo alikuwa mdogo mbele ya OHADA na mkubwa mbele ya DGI. Sheria ya hesabu ilimruhusu utaratibu mwepesi, huku mpaka uleule wa milioni 80 ukimwingiza kwenye TVA, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, iliyoanza Januari 2012 na inayodai kufuatilia kila fakture ya kununua na ya kuuza. Wahasibu wawili wanaotoa majibu mawili tofauti kwa mtu kama huyo wanaweza wote kuwa wakweli, kila mmoja kwa sheria anayoisoma.

Je, fedha ya mhasibu hurudi? Kwa anayelipa asilimia ya mauzo, hurudi kidogo, maana matumizi hayapunguzi kodi yake. Kwa aliyevuka mpaka, hesabu hubadilika. Tuchukue kampuni ndogo ya ujenzi iliyouza franka milioni 90 na kutumia milioni 75. Faida ni milioni 15, na kodi ya asilimia 30 ni milioni 4.5. Risiti za milioni 20 zikikosekana, faida ya makaratasi hupanda hadi milioni 35 na kodi hadi milioni 10.5. Tofauti ya milioni 6 imetokana na mifuko ya saruji iliyonunuliwa bila fakture. Pasipo hesabu kabisa, sheria ya taratibu za kodi ya Machi 2003 inaruhusu DGI kukadiria kodi yenyewe, na mkadiriaji hana sababu ya kuwa mkarimu.

Ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, Uganda imeamua kuandika thamani ya daftari ndani ya sheria. Katika kodi yake ya makadirio kwa biashara zisizofikia shilingi milioni 150, mwenye mauzo ya milioni 40 asiye na kumbukumbu hulipa shilingi 200,000. Mwenye kumbukumbu hulipa 80,000 na nusu asilimia ya kila kinachozidi milioni 30, yaani jumla 130,000. Wajenzi na wataalamu wameachwa nje ya utaratibu huo, kwa hiyo hauwezi kunakiliwa moja kwa moja kwa wakandarasi. Lakini unaonyesha upungufu wa ule wa Kongo: amri ya 2013 haikumpa mdogo punguzo lolote kwa kuandika.

Bima: bei hufuata mali na hatari

Bima haijali karatasi ni ngapi. Bei yake hutokana na thamani inayokingwa, uzito wa hatari na sehemu ya hasara ambayo mwenye mali amekubali kuibeba mwenyewe. Kwa hiyo mtaalamu mwenye kompyuta moja, ambaye huduma yake huingiza fedha nyingi, ana kitu kidogo cha kukinga. Mwenye lori la mkopo, ambaye faida yake ni nyembamba, ana kikubwa. Wote wawili hukosea wanapotenga kwa ajili ya bima asilimia fulani ya mapato.

Sehemu ya bima si ya hiari. Kanuni ya 2015 inalazimisha bima ya dhima kwa vyombo vya moto vya barabarani, bima ya moto, bima ya hatari za ujenzi na bima ya bidhaa zinazoingizwa nchini, na inataka hatari zilizoko Kongo zikingwe na kampuni zilizopewa vibali nchini. Lori linalovuka Mpondwe kwenda Kasese huhitaji pia kadi ya njano ya COMESA. Ile ya barabarani husimamiwa na polisi. Nyingine hazina polisi, na mjenzi wa kawaida wa Butembo hana habari nazo mpaka mteja mkubwa amdai.

Ipo pia bima iliyojificha ndani ya mshahara. Sheria ya hifadhi ya jamii ya Julai 2016 inataka CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi hiyo, ipokee asilimia 18 ya mshahara, 13 kutoka kwa mwajiri na 5 kutoka kwa mfanyakazi. Ndani ya sehemu ya mwajiri mna asilimia 1.5 ya ajali na magonjwa ya kazi. Kwa mishahara ya franka 600,000 kwa mwezi, kinga hiyo ni franka 9,000. Ni vigumu kupata bima ya ajali ya bei hiyo kwingine. Lakini haiwezekani kumwandikisha mfanyakazi asiye katika orodha ya mishahara, na wasaidizi wa masoni kwa kawaida hulipwa jioni mkononi. Mmoja akianguka kutoka jukwaani, kifungu cha 258 cha kanuni ya madai, kilichoandikwa mwaka 1888, bado kinamtaka aliyesababisha madhara kwa kosa lake ayalipe, na mjenzi hubeba pia dhima ya miaka 10 kwa jengo linaloporomoka kwa kasoro ya ujenzi au ya udongo. Kwenye miteremko ya Butembo inayokatwa na makorongo ya mvua, neno hilo la udongo lina uzito wake.

Udhaifu mkubwa wa bima katika eneo hili uko mahali pengine. Mikataba ya kawaida haifidii hasara ya vita isipokuwa kwa makubaliano maalumu. Tangu Oktoba 2014 wilaya ya Beni imeishi na mashambulizi ya waasi wa ADF. Tangu Mei 2021 jimbo liko chini ya hali ya kuzingirwa kijeshi. Malori yamechomwa moto kwenye njia za Kasindi na Komanda. Hatari ambayo mwenye lori huiota usiku ndiyo hiyo ambayo karatasi yake imeiacha nje. Kutekwa kwa Goma mwishoni mwa Januari 2025 kuliongeza tatizo la umbali: benki za mji huo zilifungwa, uongozi wa jimbo ukahamia Beni, na makao makuu ya kampuni za bima yakabaki Kinshasa, mbali na anayeleta madai.

Kinga isiyo na mkataba

Hakuna anayengoja bima ili ajikinge. Likelemba (michango ya kupokezana), vikundi vya akiba na mikopo, vyama vya ushirika vya COOPEC, michango ya ukoo na ya parokia hufanya kazi ileile kwa haraka zaidi. Wanajuana, hawadai fomu, na aliyefiwa au aliyeunguliwa hupata kitu ndani ya siku chache. Wafanyabiashara wakubwa wa Butembo nao kwa miaka mingi wameagiza bidhaa za Asia kwa kujiunga pamoja, hata hasara ya mmoja ikapunguzwa makali na wengi.

Kinga hii hushinda bima kwa hasara inayompata mtu mmoja, nayo hushindwa hasara inapowapata wote. Wanachama wa kikundi cha mtaa mmoja wa Beni hufunga biashara siku moja, hukimbia usiku mmoja, na wote huhitaji sanduku asubuhi ileile. Kampuni ya bima, ikiwa imara, hukusanya fedha Lubumbashi na Matadi na kuhamishia sehemu ya hatari kwa kampuni za bima mtawanyo ng'ambo. Sanduku la mtaa halina mahali pengine pa kuchota. Kwa bahati mbaya, hatari inayowapata wote Beni ni vita, yaani ileile iliyoachwa nje ya mkataba. Hivyo basi uwezo huo wa bima hubaki kwa moto, ajali za barabarani, mizigo na dhima kwa watu wengine.

Misimamo mitatu

Wapo wanaosema bima kwanza: mhasibu anaweza kungoja, moto haungoji. Hoja hii ina nguvu kwa mwenye mali ya gharama kubwa iliyo mahali pamoja, hasa ya mkopo. Udhaifu wake hujitokeza siku ya madai. Mwenye bohari ya mali ya dola 40,000 aliyeikatia bima ya dola 20,000, akiunguliwa na mali ya dola 10,000, hufidiwa kwa kanuni ya uwiano dola 5,000. Na hata hizo hulipwa akithibitisha kilichokuwamo. Bila daftari la mali na fakture za ununuzi, anachokuwa nacho ni majivu na neno lake.

Wapo wanaosema hesabu kwanza, na bima ya lazima tu. Hawa wanaona kwamba mhasibu hutoa faida kila mwaka, ilhali bima hutoa faida mwaka wa balaa pekee. Ni kweli kwa wengi, ingawa hoja hupuuza dhima: masoni mwenye vitabu safi sana anaweza kufilisika kwa ukuta mmoja ulioangukia nyumba ya jirani.

Wa tatu hukataa zote mbili na kubaki nje ya macho ya Leta. Si wajinga, wamehesabu. Kwa anayepata kazi kwa majirani tu, kujiandikisha kunaweza kuongeza madai ya ofisi nyingi kuliko kazi mpya. Gharama ya msimamo huu ni mpaka wa kukua: mkataba wa ONG, mkopo wa benki na kazi chini ya kampuni kubwa vyote hupitia karatasi.

Mizani

Ukiondoa bima zinazolazimishwa na sheria, ambazo hazina mjadala, daftari lina haki ya kutangulia, kwa sababu bima nzuri hujengwa juu yake. Daftari huonyesha thamani ya kukinga, huthibitisha hasara, na huwezesha wafanyakazi kuingia CNSS. Mtu anayenunua bima ya hiari kabla ya kuwa na kumbukumbu hulipia ahadi ambayo atashindwa kuidai.

Baada ya hapo aina ya kazi ndiyo huamua. Mtaalamu wa ripoti na mchapaji hutumia fedha nyingi zaidi kwenye hesabu, na bima kidogo ya vifaa huwatosha. Kwa masoni, fedha ya kwanza baada ya daftari iende kwenye orodha ya mishahara ya wasaidizi wake, kisha bima ya kazi kwa kila jengo kubwa, ambayo bei yake huingizwa katika bei ya mkataba kabla ya kupatana na mteja, kama saruji inavyoingizwa. Mwendesha pikipiki abaki na daftari la mapato na bima ya dhima, akiisoma safari hii ili ajue ni nani wa kumwendea abiria anapovunjika mguu.

Mwenye lori wa njia ya Kasindi ndiye mwenye hesabu ngumu kuliko wote. Bima ya dhima na kadi ya njano analipa apende asipende. Bima ya mzigo humfaa kwa lori lililopinduka mlimani au lililogongana. Kwa moto wa waasi, aulize kwa maandishi kama kampuni inauza nyongeza ya vita na kwa bei gani. Akikataliwa, au bei ikila faida yote, anabaki na njia ambazo wenye malori wa Butembo wanazijua tayari: kugawa shehena katika malori mawili, kungoja msafara unaosindikizwa, na kuandika katika mkataba na mwenye mzigo ni nani atakayebeba hasara hiyo ikitokea.